Ni Nani Aliyesema Funga

Kamembe, Jumapili, baada ya misa

Solange,

Shangazi yako Consolata ameketi uani kwangu na kapu lake katikati ya miguu, na kila baada ya dakika chache anapaza sauti: "Immaculée, uko naandika barua ao uko naandika Biblia? Gari ya Nzahaha haitaningoya!" Namjibu atulie. Nimemwagiza akikukuta huko kwake akupe karatasi hizi mkononi mwako, asizisome. Amecheka. Anasema tangu niolewe nimekuwa na siri kama msichana wa shule.

Sitakuandikia juu ya kuchemsha maji, wala chandarua, wala jinsi ya kuficha sabuni bwenini. Hayo ameshakwambia yeye, na una miaka kumi na tisa. Nakujibu neno ulilonitupia mlangoni Jumatano: kwamba kesho saa mbili asubuhi utakuja kuchukua sanduku lako kabla ya kwenda chuoni Butare, na ukimkuta Déo ndani ya nyumba hii, nisikuite tena mwanangu maisha yote. Ama yeye, ama wewe. Ulinipa siku nne za kuchagua, na nimezitumia zote kukukasirikia.

Bado nimekasirika. Usitafute maneno laini humu. Mtoto niliyembeba mgongoni alisimama katikati ya harusi yangu, mbele ya wageni waliovuka daraja la mpakani la Rusizi kutoka Bukavu na zawadi zao mikononi, akawaambia: "Mukule mbio, ba Papa na ba Maman, na musitoke inje. Huyu Bwana Kufuli anajua kufungia bantu inje." Wageni walicheka, wakadhani ni utani wa harusi. Déo naye alicheka, akakuongezea soda. Mimi peke yangu nilielewa. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita hivyo. Juzi bombani, jirani yetu Maman Furaha aliniuliza, "Bwana Kufuli hajambo? Anakufungia, ao ni weye unamufungia?" Wanawake wote wakapasuka kwa kicheko. Niliondoka na ndoo nusu.

Na furaha ninayo. Naliandika hili makusudi, likuchome. Nina miaka arobaini, nafundisha darasa la tano, nina mvi juu ya masikio, na asubuhi naamka kabla yake ili tu nimwangalie akilala, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kuanza wimbo. Akiamka ananiletea chai ya tangawizi kitandani kana kwamba nimejifungua. Akienda sokoni kutengeneza redio za watu, hufika katikati ya njia akarudi kuniambia kitu alichosahau, na kitu chenyewe ni kwamba gauni langu la kijani linanipendeza. Najikuta nacheka peke yangu mbele ya sufuria ya maharagwe. Jioni nikisikia hatua zake kwenye kokoto, mikono yangu inasahau kazi iliyokuwa inafanya. Sikujua kwamba kitu kama hiki bado kipo duniani, wala kwamba kingenikumbuka mimi, mjane mwenye visigino vilivyopasuka. Baba yako nilimpenda. Sitakuomba msamaha kwa kumpenda mwanamume wa pili.

Msamaha ninaotakiwa kuuomba ni wa jambo jingine, na ndilo linalonifanya nitoe jasho hapa mezani.

Jumatano uliniuliza, "Uko na furaha, Maman?" Nikasema ninayo. Ukasema, "Papa eko mu udongo, na weye uko na furaha." Déo akatoka ndani akiwa bado na bisibisi mkononi. "Solange, kuya ukule kwanza."

"Sikukuuliza kitu, Bwana Kufuli. Unijibu moja tu. Ile siku, ni weye ulifunga, ao si weye?"

"Ni miye nilifunga," alisema.

"Umesikia, Maman?"

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, ugali ukishika chini, na sikusema neno. Ulidhani ni kwa sababu ya aibu juu yake. Ulikosea. Usijilaumu kwa hilo, maana nimekufanya ukosee kwa miaka sita.

Shangazi yako alinionyesha karatasi ya masomo yako, alivyojivuna nayo hata akaikunja vibaya. Mwaka wa kwanza, majaribio ya fizikia: umeme, sumaku, mwanga. Majina yale yale. Basi nikueleze yaliyonipata mimi ndani ya labo, yaani maabara, mara mbili.

Mara ya kwanza nilikuwa na umri wako. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kuandikishwa kwenye chuo kimoja cha Bukavu, msichana peke yangu kati ya wavulana. Kila meza ya labo ilikuwa ya watu wawili. Mimi niliwekwa na Mushi mmoja, mtu wa kabila la wenyeji wa Bukavu, mwembamba, mwenye masikio makubwa, aliyekuwa akinong'ona na vyombo kama mtu anayembembeleza mbuzi. Ndiye huyu huyu Déo. Hukuwahi kuuliza tulijuana wapi, nami sikuwahi kukwambia.

Asistenti wetu alifundisha kwa Kifaransa, na somo lake la kwanza lilikuwa juu ya neno. Mzunguko wa umeme ukifungwa, alisema, ncha za waya zimekutana na umeme unapita. Ukifunguliwa, ncha zimeachana na umeme unasimama. Nililishika hilo kama katekisimu. Lakini unajua jinsi tunavyosema nyumbani: kufunga kuran, yaani umeme, ni kuizima, kama unavyofunga bomba la maji, na kuifungua ni kuiwasha. Neno ni moja, na mezani pale lilikuwa na amri mbili zinazopingana.

Mwezi wa tatu tulipewa galvanometa. Chuo kizima kilikuwa nayo moja, ndani ya sanduku lenye kitambaa cha kijani, na mshale wake mwembamba kama unywele uliitikia hata umeme mdogo sana. Déo aliunganisha waya. Mimi kazi yangu ilikuwa kuweka kwanza kile kizuizi cha kupunguza umeme, halafu kushika swichi, ambayo zamani ilikuwa kipande cha shaba unachokishusha kama kisu. Kizuizi nilikisahau. Nilikuwa nikimfikiria baba yako, aliyekuwa ameniandikia barua asubuhi ile.

Niliposhusha kisu mshale uliruka ukagonga ukingo. Déo alipiga kelele kwa lugha ya nyumbani: "Funga! Funga, Imma!"

Na mimi, mwanafunzi mzuri, nilifunga. Nilikikandamiza kile kisu cha shaba kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa. Moshi haukuwa mwingi. Ilikuwa harufu tu, kama nywele zilizoshikwa na pasi ya moto, na mshale ukalala.

Asistenti alikuja. "Nani?"

Nilimjibu kwa Kifaransa safi: "Aliniambia nifunge."

Kila neno lilikuwa la kweli, Solange. Asistenti akamgeukia Déo: ulimwambia afunge? Déo akasema ndiyo. Alinitazama mara moja, akingoja niongeze yaliyobaki: kizuizi, na kwamba yeye alisema kwa lugha ya nyumbani nami nikasikia kwa lugha ya darasani. Sikuongeza. Kalamu ikaandika, daftari likafunikwa. Déo alitolewa labo, akapoteza mwaka, na uliofuata wakamchukua kufagia labo ile ile. Kidogo kidogo akawa mtunzaji wake.

Huko uendako, andika mahali mshale ulipofika, si mahali ambapo kitabu kinasema ungefika. Na siku mwenzi wako wa meza atakapolaumiwa kwa kosa lako, ujue una muda mfupi kupita unavyofikiri. Ni muda wa mtu kuinua kalamu tu. Mimi wangu ulipita nikiwa natazama kucha zangu.

Sikuendelea mbali. Tulimaliza umeme, tukagusa sumaku kidogo, jinsi sindano ya dira inavyogeuza shingo ikisogezwa karibu na waya wenye umeme. Mwanga ulikuwa umepangwa kwa muhula wa pili. Sikuufikia. Wewe ulikuwa umeshaanza kunitapisha, na Anselme baba yako alikuja kwetu kuniposa akiwa amevaa koti la kuazima.

Shangazi yako anauliza kama nimelala. Ningoje kidogo, Consolata. Yeye ni dada yake Anselme, na haya yajayo hayajui. Ukishayasoma utaamua wewe kama umpe.

Mara ya pili ni ile unayoikumbuka. Mwaka wa vita ya kwanza ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Kule Bukavu vijana wenye fimbo na mapanga walikuwa wakitafuta watu wanaosema Kinyarwanda, kama sisi, nyumba kwa nyumba. Tuligonga milango ya watu tuliokuwa tukila nao Krismasi. Aliyetuingiza ni Déo, katika kile chumba cheusi mwishoni mwa labo wanamofanyia majaribio ya mwanga: giza tupu, ubao kwenye dirisha, tundu dogo kwenye ubao, na ukuta mmoja uliopakwa chokaa ukitazamana na tundu. Ulikuwa unaungua kwa homa juu ya magunia. Siku ya pili mchana, jua kali, baba yako alitoka kukutafutia dawa.

Unachokumbuka ni kwamba uliamshwa na mtu anayegonga, ukasikia sauti ya baba yako, "Fungula, Déo! Ni miye!", ukamwona Déo ameshika komeo la mlango na asifungue. Umeona sawasawa. Lakini ile ilikuwa mara ya pili kugonga. Mara ya kwanza ulikuwa usingizini.

Mara ya kwanza aligonga kwa kucha, polepole. Déo alimjua. Alishalegeza komeo nusu, akanigeukia, akaninong'oneza, "Nifungule?"

Aliniuliza kwa sababu mimi nilikuwa natazama ukuta. Kupitia lile tundu, jua lilikuwa limeingiza uwanja wa chuo ndani: mikaratusi, njia, anga, kila kitu kwenye chokaa, rangi zake zote, miguu juu na vichwa chini. Na nilikuwa nimeona watu wanne wenye fimbo wakitembea kwa vichwa ukutani, wakielekea upande wa chumba uliokuwa na mlango wetu. Niligeuza picha kichwani mwangu, nikawasimamisha kwa miguu yao, nikaona wanakuja.

Nikasema, "Funga."

Déo akasukuma komeo. Hapo ndipo baba yako alipogonga kwa ngumi na kupaza sauti, nawe ukaamka. Ukutani wale wanne wakasimama, wakageuka, wakaanza kwenda upande wa pili. Nilidhani wanaondoka. Nilishukuru Mungu, naapa. Nilifungua mdomo nimwambie Déo afungue, na papo hapo nikasikia sauti zao mlangoni pale pale.

"Uko naita nani humo?"

Na baba yako akawajibu, ametulia kama mwalimu anayefuta ubao: "Hakuna muntu. Labo iko yenye kufungwa. Twende."

Akaenda nao. Sauti hiyo hukuisikia, ulikuwa unalia na nimekuziba mdomo. Kesho yake Déo ndiye aliyempata. Ndiye aliyemwosha na kumzika nyuma ya mikaratusi, na siku tulipovuka daraja kuja huku, alibaki ng'ambo ili kaburi lisipotee.

Miaka mitano nilijiambia nilichagua. Nilijiambia kulikuwa na watu wanne njiani na mtoto mwenye homa ndani, na mama yeyote angesema nililosema. Nililala na neno hilo nikaweza kulala. Halafu mwaka jana Déo alianza kuja kwetu kila Alhamisi, unakumbuka ulivyokuwa ukitoka kwa mlango wa nyuma. Alhamisi moja alileta boksi la katoni lenye tundu na karatasi iliyopakwa mafuta ya kuonea picha ya nje, akakuita uje uone kwa sababu alikuwa amesikia unapenda fizikia. Hukuja. Akanionyesha mimi. Alikuwa na furaha ya mtoto. Aliniwekea kidole begani, akanieleza kwamba miale hupishana kwenye tundu, basi cha juu hushuka na cha chini hupanda, "na tena, Imma, ile ya kuume inakwenda kushoto. Bantu banasahauka hii ya pili. Banageuza vichwa tu."

Alicheka. Nami nilicheka, Solange, nikiwa nimeshikilia ukingo wa meza.

Niligeuza vichwa tu. Ukutani walikuwa wanaelekea kwenye mlango wetu; uwanjani, kumbe, walikuwa wanaelekea kwenye geti la chuo. Walikuwa wanaondoka. Baba yako alipogonga kwa kucha hawakumsikia. Kama ningesema "fungua", angeingia, na komeo lingerudi mahali pake, nao wangetoka getini bila kugeuka. Walimsikia alipogonga kwa ngumi, na aligonga kwa ngumi kwa sababu yangu. Ukurasa mmoja wa somo la mwanga, ambao sikuufikia.

Unaweza kusema sikujua. Usiseme. Hilo nimeshajiambia mwenyewe mara nyingi, na ni kweli, kama lilivyokuwa kweli neno langu kwa asistenti. Ubaya wangu si ule wa mbele ya ukuta. Ubaya wangu ni kwamba kwa miaka sita ulimchukia mtu mbele ya macho yangu, kwa neno lililotoka kinywani mwangu, nami nikakuacha. Ulikataa mkate wake. Ulitema mate alipopita. Kila mara nilijiambia nitasema akishaondoka, na akishaondoka nilijiambia umelala. Ilikuwa rahisi kwangu umchukie yeye, ili ubaki unanipenda mimi. Hata harusini, ulipomwita Kufuli, nilikukasirikia wewe kwa sauti kubwa ili nisisikie jina lenyewe lilikuwa la nani.

Déo anajua kwamba nilisema funga, na amenikataza kukwambia. "Atabaki na nani?" huniuliza. Habari ya picha ukutani haijui. Wewe ndiye wa kwanza. Leo yuko Bukavu kwa ndugu zake. Akirudi jioni nitamwambia, na sijui atanitazama vipi. Wiki tatu tu za ndoa, na huenda nikaivunja kwa mdomo wangu mwenyewe. Ninavyompenda, ningeweza kunyamaza hadi kaburini. Nimejaribu. Siku nne hizi nimejaribu kuichana barua hii hata kabla ya kuiandika.

Basi jibu langu ndilo hili. Déo hatoki. Hatatoka saa mbili, wala hatajificha kwa jirani ili upite. Ulisema nichague, lakini uliniwekea mtu asiye mwenye kosa kwenye mizani, na nimekasirika na wewe kwa kiburi chako, na kwa ulimi wako, na kwa ile soda uliyoimwaga miguuni pake. Hiyo hasira siifuti. Kama kuna mtu anayepaswa kukosa jina ndani ya nyumba hii, ni mimi, na iwe kwa sababu ya kweli, isiwe kwa sababu nimeolewa. Ukitaka kuniita Immaculée kuanzia kesho, nitaitika.

Sanduku lako liko chumbani kwako, juu ya kitanda. Sikuliweka barazani kama mzigo wa mpita njia. Itakubidi uingie ulichukue.

Consolata amesimama sasa, anatikisa kapu. Namalizia.

Atakayekupokea asubuhi ni yeye, maana ndiye anayeamka kuchemsha chai. Muulize tena kama ulivyomuuliza Jumatano, maneno yale yale, nami niwepo. Namjua mume wangu. Hata baada ya kujua yote atakutazama machoni na kukwambia ni yeye.

Nitamkatiza.

Mama yako,
Immaculée